Barakoa, Sheria na Haki ya Jirani

Mwezi wa Desemba 1910, tauni ya mapafu ilipokuwa ikiwateketeza watu wa Harbin, huko Manchuria, serikali ya Uchina ilimpeleka tabibu kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesoma Cambridge, naye, baada ya kuupasua mwili wa marehemu mmoja na kuyachunguza maradhi kwa hadubini, akakata shauri kwamba tauni ile haikutegemea viroboto wa panya, kama walivyoshikilia wengi, bali ilipita katika pumzi za watu. Akaamuru waganga, wauguzi na wachukuzi wa maiti wajifunge barakoa ya shashi na pamba. Gérald Mesny, tabibu wa Kifaransa aliyemzidi umri, aliikataa rai hiyo, akawaendea wagonjwa bila ya kujifunika, na siku chache baadaye akafariki kwa tauni ile ile. Watu wapatao 60,000 waliangamia kabla ya janga hilo kukoma mwaka 1911.

Hata hivyo, kumkinaisha mganga aliye kando ya mgonjwa ni jambo moja, na kuushurutisha mji mzima ni jambo jingine. San Francisco ilitunga sheria ya barakoa Oktoba 1918, wakati wa homa kuu ya mafua, na waasi wakatozwa faini, wengine wakafungwa. Sheria iliporejeshwa Januari 1919, kikazuka Chama cha Kupinga Barakoa, na mwezi uliofuata amri ikaondolewa. Mwaka 1920 W. H. Kellogg, wa bodi ya afya ya California, alieleza kutokana na majaribio yake kwamba shashi ile haikuzuia vya kutosha hata watu washurutishwe kuivaa.

Karne moja baadaye, katika zama za Uviko, watafiti waligawa barakoa bure katika vijiji vya Bangladesh, wakawashirikisha viongozi wa dini, wakawakumbusha watu kwa upole. Walioivaa ipasavyo wakaongezeka kutoka asilimia 13 hadi 42, na palipogawiwa barakoa za kitabibu maambukizi yenye dalili yakapungua kwa kiasi cha asilimia 11, nafuu iliyo kubwa zaidi ikiwafikia wazee.

Basi anayedai kwamba barakoa haina faida yoyote anaukanusha ushahidi, na anayeitegemea adhabu peke yake anawadhulumu wanyonge. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 ziliweka faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, adhabu nzito mno kwa mchuuzi ambaye hata bei ya barakoa ilimlemea.

Serikali na iwape watu barakoa njema kabla ya kuwadai faini, na iwaeleze kwa ukweli kiasi cha kinga iliyomo. Nasi raia, yatakapozuka tena maradhi ya pumzi, tujifunike kwa hiari yetu sokoni, garini na msikitini, kwani afya ya jirani ni haki iliyo juu yetu.