Miguu Inatembea, Moyo Unakimbia

Vijiweni ubishi huu haukosekani: nani anachoka zaidi, mcheza soka au mcheza kikapu? Wa soka hutaja kilomita zake kumi za dakika 90. Wa kikapu, mwenye uwanja wa mita 28 kwa 15, hubaki akijiumauma. Kosa si lake, ni la kipimo kilichochaguliwa.

Mwaka 1995 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wachezaji wanane wa kikapu wa kiwango cha juu nchini humo. Waliwapiga video wakiwa mechini huku mapigo ya moyo yao yakisomwa, kisha wakazirudia kanda wakihesabu kila tendo: kusimama, kutembea, kukimbia, kuruka, kwenda upande. Ni kazi ya kuumiza macho. Hesabu ilipokamilika, mchezaji mmoja alikuwa amebadili mwendo mara 997 kwa wastani, yaani kila baada ya sekunde mbili mpira ukiwa mchezoni. Kuruka peke yake, mara 46.

Ndani ya hesabu hiyo kuna fumbo. Kazi ya nguvu ilichukua asilimia 15 tu ya muda wa mchezo. Hata hivyo moyo ulipiga mara 169 kwa dakika kwa wastani, na kwa robo tatu ya muda huo ulikuwa juu ya asilimia 85 ya upeo wake. Ukiitazama miguu utasema jamaa anatembea tembea. Moyo unasema anakimbizwa.

Sehemu ya jibu ni kwamba moyo haushuki upesi kama miguu inavyosimama. Kwa wastani mbio kali zilikuja kila sekunde 21, kila moja ikiwa fupi ya chini ya sekunde mbili. Kabla pumzi hazijarudi, nyingine hiyo.

Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mwendo wa kaa. Ijaribu sebuleni: kunja magoti kana kwamba unataka kukaa kwenye kigoda ambacho hakipo, tandaza mikono, nenda kushoto hatua mbili, rudi kulia, bila kuinuka na bila kupishanisha miguu. Dakika moja inatosha mapaja yawake moto. Umesafiri wapi? Hujatoka sebuleni. Zaidi ya theluthi ya matendo yote ya wale wachezaji wa Australia yalikuwa ya namna hiyo. Ongeza kufunga breki: anayekimbia kisha akasimama ghafla hulazimisha misuli ya paja ikaze huku inavutwa, na hayo ndiyo maumivu yanayomfanya kesho yake ashuke ngazi kwa kushika ukuta.

Mwaka 2000 shirikisho la kimataifa, FIBA, lilipunguza muda wa timu kushambulia kutoka sekunde 30 hadi 24, na wa kuvuka nusu ya uwanja kutoka 10 hadi 8. Baada ya mabadiliko hayo, utafiti wa Tunisia uliochapishwa 2007, kwa vijana 38 wa chini ya miaka 19, ulikuta mapigo 171 na mabadiliko ya mwendo zaidi ya elfu moja. Wanaopandisha mpira walikuwa na mapigo ya juu kuliko masenta. Tusiharakishe kuibebesha sheria mpya lawama yote, maana vijana wa Tunisia si wale wa Australia.

Siku hizi kanda hazihesabiwi kwa macho. Msimu wa 2013 ligi ya Marekani, NBA, ilifunga kamera sita katika kila ukumbi, zikinasa kila mchezaji mara 25 kwa sekunde; teknolojia yenyewe ilichipuka Israeli kutokana na ufuatiliaji wa makombora. GPS ya wanasoka haifai chini ya paa, kwa hiyo timu nyingi mazoezini huvalisha wachezaji kifaa kidogo katikati ya mabega, kinachosoma mtikisiko wa mwili mara mia kwa sekunde. Kwenye mechi za NBA hakikuruhusiwa. Mkataba wa 2017 kati ya ligi na wachezaji ulikikataza, na ukazuia pia takwimu zake kutumika kwenye mazungumzo ya mishahara. Ni busara: nani atake uchovu wake uwekwe mezani siku ya kupatana bei?

Hata kifaa hicho kina upofu wake. Masenta wawili wakisukumana mgongo kwa kifua chini ya kikapu, kamera huona watu waliosimama, na kifaa husikia mtikisiko mdogo tu, ilhali wote wawili wanatetemeka kwa kukaza.

Ndiyo maana njia ya mtafiti Mmarekani Carl Foster haijazeeka. Baada ya nusu saa ya kupumzika, mchezaji huulizwa: ilikuwaje kwa ugumu, kuanzia sifuri hadi kumi? Jibu huzidishwa kwa dakika. Tuseme wawili wamecheza dakika 30 na kukimbia umbali uleule. Mmoja, aliyekuwa akisubiri pasi pembeni, anajibu tano: 150. Mwenzake, aliyebanana na senta wa wapinzani usiku kucha, bado ana barafu magotini. Anafikiri kidogo, anasema tisa.