Je, Simu ya Mkononi Hudhuru?

Wakati wa likizo nilisikia huku Buyenzi maneno mengi juu ya minara ya simu. Huyu husema minara yaleta maradhi, yule ataka iondolewe mjini kabisa. Nimeona yafaa kueleza jambo hili kwa kadiri tulivyojifunza katika fizikia, maana mwenye hofu isiyo na kipimo hujikinga pasipo na hatari, akaiacha hatari yenyewe.

Simu ya mkononi ni redio ndogo, hupokea na kutuma. Mawimbi yake hutikisika, kwa mfano, mara milioni 900 au milioni 1,800 kila sekunde. Lakini hayafanani na eksirei. Eksirei yaweza kung'oa elektroni katika atomu na kuharibu chembe hai. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Kazi yake iliyothibitika mwilini ni kutia joto, tena kidogo.

Basi, kipimo cha salama hupatikanaje? Tume ya kimataifa iitwayo ICNIRP ilitoa mwongozo mwaka 1998, ikautengeneza upya mwaka 2020. Wataalamu waliona kwamba mwili wote ukipokea wati 4 kwa kila kilo, joto lake hupanda kama digrii 1. Wakaigawa hesabu hiyo kwa 50, wakapata wati 0.08 kwa raia wote. Kwa kichwa peke yake waliweka wati 2 kwa kilo, zikipimwa katika gramu 10 za mwili. Marekani hutumia 1.6, katika gramu 1. Katika simu nyingi ukibonyeza *#07# utaona kipimo chake.

Sasa turudi kwenye mnara. Ukiwa mbali mara mbili, nguvu ya mawimbi hupungua mara nne. Mnara una nguvu, lakini u juu na mbali. Simu ni dhaifu, lakini imegusa sikio. Tena simu hufanya kama mtu azungumzaye: jirani humnong'oneza, aliye ng'ambo ya mto humwita kwa sauti kuu. Mnara ukiwa karibu, simu hupunguza nguvu; ukiwa mbali, huzidisha. Kwa hiyo wautakao mnara uende mbali waweza kujiongezea mawimbi kichwani.

Je, saratani? Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la IARC, huko Lyon, liliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mwaka 2024 uchunguzi mkubwa, uliofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani, ulikusanya tafiti nyingi za watu, nao haukuona kwamba simu huleta saratani ya ubongo.

Atakaye kujihadhari zaidi, mazungumzo yakiwa marefu atumie spika au waya wa masikioni, na penye mtandao hafifu afupishe maneno. Lakini kijana ashukaye milima kuja Bujumbura kwa baiskeli, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine simu, huyo haponzwi na mawimbi. Yaponza macho yasiyotazama njia. Tuanze kumwonya huyo, ndipo tuuzungumze mnara.