BUNDUKI ILIYOMCHONGEA MWENYEWE

Tunduma tumezoea moshi. Moshi wa malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, moshi wa mishikaki usiku, moshi wa kila namna. Lakini upo moshi mmoja ambao babu zetu waliujua kuliko sisi, na huo, mshikaji, ulikuwa unaua.

Nazungumzia moshi wa baruti nyeusi, ile ya shura, mkaa na kiberiti. Kijana wa leo aliyekulia kwenye video za Rambo anadhani bunduki ni bunduki tu, unakandamiza, mtu anaanguka. Thubutu! Wapo askari weusi waliopewa bunduki ambayo, ukifyatua mara moja tu, inamwambia adui: jamaa yuko hapa, mpigeni.

Bunduki yenyewe ni Mauser ya mwaka 1871, silaha ya jeshi la Wajerumani. Usiichanganye na gobore. Gobore unalishindilia kwa mdomoni: baruti, matambara, kisha gololi au vipande vya chuma, halafu fataki. (Na kama mzee wako bado ana moja darini bila kibali, ajue Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani.) Mauser 71 ilikuwa mbele ya hapo. Unavuta komeo, unaweka risasi moja nyuma ya mtutu, unafunga, unapiga. Magazini hamna. Moja, basi. Tena haikuwa na kitu cha kurusha ganda nje, hivyo ukishapiga unafungua komeo, unailaza bunduki ubavu, unaitikisa ganda lidondoke, ndipo uweke nyingine. Na wakati huo wote jamaa wa upande wa pili hajakaa anakusubiri!

Risasi yake ilikuwa babu kubwa, unene wa milimita 11. Ndani ya ganda la shaba zinaingia gramu 5 za baruti, juu yake kipande cha nta, kisha risasi laini ya gramu 25 iliyoviringishwa karatasi ili isipake mtutu. Ikikupata haina mjadala. Kasheshe ni kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki kuwa hewa. Inabaki kuwa masizi yanayoganda mtutuni na wingu zito jeupe mbele ya uso wako. Mtutu unatakiwa uoshwe kwa maji, la sivyo unaliwa na kutu upesi. Na hilo wingu? Linakuonyesha kwa adui, wakati wewe mwenyewe humwoni.

Huko Ulaya na Marekani wapo watu ambao hii ndiyo raha yao ya wikiendi. Wanayeyusha risasi wenyewe, wanaviringisha karatasi, wanapima baruti kwenye mizani kama wauza dhahabu, wanaenda uwanjani kulenga shabaha. Amri yao ya kwanza ni moja: baruti ya kisasa isiyo na moshi usiitie kamwe kwenye bunduki ya zamani kwa kipimo cha ile nyeusi, maana mtutu unaweza kukupasukia usoni.

Sasa turudi kwa babu. Ilikuwaje mwaka 1914, Wajerumani wenyewe wakiwa tayari na Mauser ya 1898 yenye risasi tano na isiyotoa wingu, kampuni nyingi za askari Waafrika ziwe bado na kitu cha 1871? Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alilieleza hili kwenye kitabu chake cha 1920. Wengi waliona silaha ya zamani inamfaa askari mweusi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwapiga Waafrika wenzake, ambao hawana silaha za kisasa. Moshi hapo unamdhuru nani? Soma tena hiyo, halafu uendelee. Mimi naona ni dharau tu iliyovalishwa magwanda.

Vita vikaja, na huku kwetu vilikuja mapema. Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mto Songwe na tarehe 9 likaishambulia Karonga, Malawi ya leo. Waingereza walikuwa wametoka usiku kulitafuta, wakapishana nalo gizani kama watu waliopeana miadi ya uongo! Waliposikia milio wakageuka, wakalipiga kwa nyuma, likarudi mbio ng'ambo ya Songwe.

Safari hii adui alikuwa na bunduki za kisasa na bombomu, na wingu jeupe likawa shabaha. Wale waliokuwa wakiisifia 71 wakabadili wimbo haraka sana.

Wokovu ulitoka kwa adui. Tanga, Novemba 1914, Waingereza walikimbilia melini wakaacha bunduki 455, bombomu 16 na risasi kama 600,000. Aprili 1915 ikaja meli ya Rubens na shehena ya silaha, ikapigwa na manowari ya Kiingereza ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Shehena iliokolewa majini, lakini risasi zilikuwa zimelowa chumvi. Ikabidi zifumuliwe moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Hebu fikiria kazi hiyo kwa mamilioni ya risasi, halafu ukiikosea moja unakuja kujua siku adui yuko mbele yako.

Mwaka 1918 msafara wa Lettow-Vorbeck ulikatiza mkoa wetu, ukapita Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba ukafika Fife, ng'ambo ya mpaka huu huu. Novemba 25 wakasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Askari 1,168 waliweka chini bunduki 1,071, na orodha inasema zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Babu alikuwa ameshajitafutia bunduki isiyomchongea, kwa kumnyang'anya adui.

Kuna stori inayosimuliwa kuhusu mwaka 1964, baada ya Lettow-Vorbeck kufariki. Ujerumani ilikubali kuwalipa askari waliokuwa hai bado, wakakusanyika wazee mia tatu na ushee Mwanza. Wenye vyeti walikuwa wachache. Basi ofisa wa benki aliyekuja na fedha, inasemekana, akawaita mmoja mmoja, akampa kila mzee ufagio mkononi na kumpigia amri za kijeshi kwa Kijerumani: bega silaha, teremsha silaha.

Hakuna aliyekosea.