Treni ya Voi ni ya Nani?

Treni zinazosimama Voi si za serikali ya kaunti. Katiba ya 2010 iliweka reli chini ya serikali ya kitaifa, nazo kaunti zikapewa barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma wa barabarani.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikapita Voi na kufika Kisumu 1901. Tawi la Taveta lina asili tofauti kabisa. Waingereza walilijenga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kupitia Mwatate, Bura na Maktau, ili kubeba askari wa kuwakabili Wajerumani walioteka Taveta Agosti 1914. Reli ya vita ndiyo iliyokuja kuwahudumia raia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika la pamoja la reli lilivunjika nayo. Mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Reli la Kenya, mali ya umma. Kuanzia 2006 hadi 2017 uendeshaji ulikodishwa kwa Rift Valley Railways, lakini reli yenyewe haikuuzwa.

Madaraka Express ilizinduliwa Mei 31, 2017. Treni ya vituo vya kati husimama Voi. Taveta haikufikiwa na reli mpya. Wakazi wake bado hutegemea barabara.

Malalamiko ya nauli na ratiba ya treni yapelekwe kwa Shirika la Reli. Ya vituo vya matatu na barabara za kaunti yaletwe kwa kaunti.