Diski Mpya Ikikataa Kufanya Kazi

Vikundi vyetu vya Kitengela na Kajiado vinavyoweka hesabu za akiba na mikopo kwenye kompyuta hununua diski za kuhifadhia kumbukumbu. Ikikataa siku ya kwanza, tusiwe na haraka ya kulia.

Kwanza, tuzime kompyuta, tuchomoe stima, tukaze nyaya za diski. Mara nyingi shida ni waya tu; tujaribu mwingine.

Pili, diski mpya huenda haijapangwa. Ni kama ploti isiyopimwa: ipo, lakini huwezi kumpa mtu sehemu yake. Fundi aipange. Kumbuka, kupanga hufuta kila kitu kilichomo.

Tatu, diski ya gigabaiti 500 ikionyesha 465 hivi, hatujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa 1000, kompyuta nyingi kwa 1024.

Nne, tuijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikikataa kupangwa huko pia, au ikigonga-gonga ndani, ni mbovu. Tusiifungue! Tuirudishe dukani na risiti kabla garantii haijaisha.

Hata ikikubali, daftari la mweka hazina lisitupwe. Diski mpya nayo hufa, na deni lisiloandikwa huzaa ugomvi.