Sindano ya kuzuia VVU: ilijaribiwaje?

Katika semina zetu za vijana na akina mama swali moja linarudi kila mara: je, ni kweli chanjo ya UKIMWI imepatikana? Jibu ni hapana. Kilichopatikana ni dawa ya sindano iitwayo lenakapaviri. Chanjo huufundisha mwili kujilinda wenyewe. Dawa hii huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, ikatoka humo polepole kwa muda wa miezi 6, na muda huo ukipita ni lazima kuchoma tena.

Vidonge vya kuzuia maambukizi viliidhinishwa Marekani tangu mwaka 2012, navyo vikimezwa kila siku vinafanya kazi. Ugumu uko kwenye kumeza. Binti akikutwa na kopo la vidonge hudhaniwa tayari ana virusi, na mke hana pa kulificha.

Jaribio la sindano lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wanawake zaidi ya 5,300 wasio na VVU, wenye umri wa miaka 16 hadi 25. Wapo wanaoamini kwamba katika majaribio ya namna hii watu hupandikizwa virusi. Si kweli. Washiriki waliishi maisha yao ya kawaida, wakapewa ushauri nasaha na kupimwa mara kwa mara. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Wote walichomwa sindano na wote walipewa vidonge, ila kwa kila mmoja kimojawapo hakikuwa na dawa ndani yake, na si mshiriki wala muuguzi aliyejua ni kipi. Hakuna kundi lililoachwa bila dawa yoyote. Kwa maoni yangu hili ni jambo la haki, maana kinga ikishajulikana huwezi kumnyima mtu ili uone kama ataugua.

Matokeo yalitangazwa Juni 2024. Kati ya wanawake 2,134 waliochomwa dawa halisi, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya 1,068 waliopewa kidonge cha zamani waliambukizwa 16, na kati ya 2,136 waliopewa kidonge kipya, 39. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba wengi hawakuwa wakimeza vidonge vyao sawasawa. Kamati huru ilishauri jaribio lisiendelee kwa siri, na washiriki wote wakapewa nafasi ya kuchagua sindano.

Anayetaka kuanza hupimwa VVU kwanza, na hupewa pia vidonge vya kumeza siku ya kwanza na ya pili. Sindano haizuii mimba, kaswende wala kisonono. Anayeacha bila kufuata ushauri naye ajue kwamba dawa hubaki mwilini kidogo kidogo kwa miezi mingi. Akiambukizwa wakati huo, virusi vinaweza kuwa sugu.

Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025, na Novemba mwaka huohuo Zambia na Eswatini zilipokea dozi za kwanza. Bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mtu kwa mwaka. Kwa nchi 120, zikiwemo nyingi za Afrika, makubaliano ya Septemba 2025 yalipanga dawa hiyohiyo itengenezwe na viwanda vya India kwa dola 40 kwa mwaka, kuanzia 2027.