Tiba ya ulevi ni mazungumzo: Kiziwi wa Rubavu azungumze na nani?

RUBAVU, Rwanda

Gisenyi ni mji wa sauti. Kwenye mpaka mdogo, maarufu kwa jina la Petite Barrière, wachuuzi huvuka kwa miguu kati ya mji huo na Goma huku wakipatana bei kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa. Kando ya Ziwa Kivu kuna hoteli na baa za ufukweni. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kimekuwa sehemu ya maisha ya mji huu tangu mwaka 1957. Vichochoroni kuna kinywaji kingine kisicho na kibandiko wala kipimo: kanyanga, gongo ambayo sheria ya Rwanda inaihesabu miongoni mwa dawa za kulevya.

Katika mji huo wa sauti wanaishi pia watu wasiosikia. Nao hualikwa harusini, hulipwa ujira wa siku, na hukaa baa na wenzao. Glasi haihitaji mkalimani. Kijana kiziwi anaweza kuinyanyua, kuigonganisha na ya jirani na kucheka na meza nzima, na pengine hiyo ndiyo saa pekee katika siku yake anayojiona yumo miongoni mwa watu.

Kwa hiyo, kuingia kwenye ulevi hakuhitaji masikio. Kutoka ndiko kunakoyahitaji.

Ujumbe unaopita hewani

Rwanda haijalifumbia macho tatizo la pombe. Uchunguzi wa afya wa kitaifa ulionyesha kuwa wanywaji walipanda kutoka takriban asilimia 41 ya watu waliohojiwa mwaka 2013 hadi asilimia 48 mwaka 2022. Mwaka 2023 Wizara ya Afya ilianzisha kampeni ya TunyweLess, inayowahimiza wananchi kupunguza unywaji.

Lakini ujumbe wa afya husafiri zaidi kwa sauti: redioni, kwenye vipaza sauti, na katika mkutano unaofuata kazi ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Anayetaka ushauri wa haraka huelekezwa apige simu. Kiziwi husimama katika mkutano huo huo, akiwa na jembe mkononi kama wenzake, akaona midomo ikicheza, kisha akarudi nyumbani bila neno.

Ngazi za tiba

Kwa mkazi wa Rubavu anayetaka kuacha pombe au bangi, njia inajulikana. Huanza kwa mjumbe wa afya wa kijiji, kisha kituo cha afya, halafu Hospitali ya Wilaya ya Gisenyi, mahali penye huduma ya afya ya akili. Ikibidi, hupewa rufaa kwenda Kigali, zaidi ya kilomita 150, kwenye Hospitali ya Ndera au tawi lake la Icyizere lililoko Kicukiro, linalohudumia waraibu. Kusini kuna kituo cha Isange wilayani Huye. Na ndani ya Ziwa Kivu, wilayani Rutsiro, kuna kituo cha urekebishaji cha Iwawa, kilichofunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya wanaume na vijana, ambao hufundishwa pia useremala, ushonaji na kilimo.

Ngazi zote hizo zimesimama juu ya nguzo moja, nayo ni mazungumzo. Malaria hupimwa kwa tone la damu, hata kama mgonjwa hasemi. Uraibu hupimwa kwa maswali. Dodoso la Shirika la Afya Duniani linalotumika sana kupima unywaji lina maswali 10, na yote hutegemea ukweli wa anayejibu: unakunywa mara ngapi, umewahi kushindwa kujizuia, umewahi kumuumiza mtu kwa sababu ya pombe?

Hapo ndipo mama, dada au mtoto wa mgonjwa huvutwa kuwa mkalimani, na hapo ndipo tiba inapoharibika. Mwanamume gani atamwambia daktari, kupitia mikono ya binti yake wa miaka 12, kwamba aliuza kuku wa nyumbani ili anywe? Mama gani atatafsiri bila kupunguza makali? Wengine hawafichi kwa nia mbaya. Hawazijui alama za kutosha, maana nyumba nyingi zina ishara chache za kuombea chakula, maji na pesa, lakini hazina ishara ya hamu, majuto wala kurudia ulevi.

Kalamu na karatasi navyo havitoshi. Kwa kiziwi aliyesoma, lugha ya maandishi ni lugha ya pili; kwa ambaye hakupelekwa shule, karatasi ni ukuta mwingine.

Mikono inapotetemeka

Kipindi kigumu zaidi ni siku za kwanza baada ya kuacha. Aliyekunywa sana kwa miaka, akikatishwa ghafla, hutoka jasho na kutetemeka. Wengine hupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya tatu baadhi huona maruweruwe. Hali hiyo inaweza kuua, ndiyo maana wataalamu hushauri isifanyiwe majaribio nyumbani. Vijana wa Dar es Salaam na Zanzibar wana neno lao kwa mateso ya kukosa kilevi: arosto.

Kwa anayesikia, arosto hutetemesha mikono lakini ulimi hubaki. Kwa kiziwi, mikono ndiyo ulimi. Alama zake huanza kuvurugika saa ile ile anapohitaji kusema kwamba kifua kinambana au kwamba anaona vitu visivyokuwapo. Na muuguzi asiyemwelewa, akimwona anarusha mikono kwa nguvu, anaweza kudhani ni fujo na kuamuru afungwe. Kumfunga kiziwi mikono ni kumziba mdomo.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa mara nyingi. Pombe ya kienyeji iliyochanganyika na methanoli huharibu mshipa wa jicho na inaweza kupofusha. Kwa yeyote huo ni msiba. Kwa anayesikiliza kwa macho, ni kupoteza lugha yote kwa mara moja.

Baada ya siku hizo huja vikao vya kundi, ambavyo ndivyo moyo wa tiba katika vituo vingi. Waraibu hukaa duara na kusimuliana. Mmoja hudakia, mwingine hucheka, wa tatu hulia. Kiziwi asiye na mkalimani anaweza kukaa kwenye duara hilo miezi, akatoka bila pombe mwilini na bila hata simulizi moja kichwani. Hesabu za kituo zitaonyesha amemaliza tiba.

Waliofika mbele

Si jambo lisilowezekana. Mwaka 1989, mjini Minneapolis nchini Marekani, ulianzishwa mpango wa tiba ya uraibu kwa viziwi na wenye usikivu hafifu pekee. Wahudumu walitumia lugha ya alama, mafunzo yaliwekwa kwenye video, na mgonjwa aliyetakiwa kueleza maisha yake ya ulevi aliruhusiwa kuyachora badala ya kuyaandika. Programu nyingine ziliiga mbinu hizo, na hakuna hata moja kati yake inayohitaji mashine ya gharama.

Afrika Mashariki nayo ina somo lake. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, wakati wengi waliamini watu hao hawatibiki. Zanzibar, nyumba za upataji nafuu zimeendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe. Fundisho ni moja: mraibu humsikiliza zaidi aliyepita njia yake. Kwa kiziwi, huyo ni kiziwi mwenzake aliyeacha.

Rubavu haianzi patupu. Mjini Gisenyi kipo Kituo cha Jamii cha Ubumwe, kilichoanzishwa na Frederick Ndabaramiye na Zacharie Dusingizimana kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambako watoto viziwi husoma kwa lugha ya alama. Wilaya jirani ya Nyabihu ina shule ya viziwi. Kitaifa upo Umoja wa Viziwi wa Rwanda, RNUD, uliofanya kazi kubwa ya kuikuza lugha ya alama, au amarenga kama Wanyarwanda wanavyoiita. Walimu wa alama wako upande huu wa mji, wauguzi wa afya ya akili wako upande ule. Kinachotakiwa ni daraja kati yao.

Lugha ya nani ni rasmi?

Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Mkataba huo unadai huduma za afya za kiwango kile kile wanachopata wengine, na unataja wazi wakalimani wa lugha ya alama.

Katika jumuiya, Uganda iliitaja lugha ya alama kwenye Katiba yake ya 1995. Kenya, kwa Katiba ya 2010, iliifanya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Rwanda iliongeza Kiswahili kwenye lugha zake rasmi mwaka 2017, hatua iliyoshangiliwa na wapenda mtangamano. Lugha ya alama bado haimo kwenye orodha hiyo. Jumuiya inayojivunia kuelewana mipakani ina raia wasioelewana na muuguzi wa mtaa wao.

Gisenyi ina kumbukumbu yake katika historia ya viziwi. Tarehe 3 Desemba 1987, ndege ndogo ilianguka karibu na mji huu na kumuua Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11. Foster alifungua shule ya viziwi jijini Accra mwaka 1957, kisha nyingine nyingi, zaidi ya 30, katika nchi mbalimbali za Afrika. Hakungoja wanaosikia wawe tayari. Aliwafundisha viziwi wakawa walimu wa viziwi.

Tiba ya uraibu inaweza kufuata njia hiyo hiyo kwa hatua ndogo. Hospitali ya wilaya inaweza kuweka miadi ya siku moja kwa wiki yenye mkalimani aliyeapa kutunza siri; pasipo na mkalimani, simu ya video ikamleta kutoka Kigali. Wauguzi wanaweza kujifunza alama 50 za mwanzo: maumivu, usingizi, hamu, hofu, tangu lini. Viziwi wachache wanaweza kufunzwa kuwa washauri rika.

Familia nayo isingoje. Mwenye ndugu kiziwi anayekunywa kupita kiasi amfikishe kituo cha afya kabla ya kumkatisha ghafla, aombe mkalimani asiye wa ukoo, na wakati wa maswali akubali kutoka nje ya chumba. Yale ambayo mgonjwa atayasema mlango ukiwa umefungwa ndiyo mwanzo wa kupona kwake.